Tulimwona Simba, Hatukumwona Shangazi

Kila anayeingia dukani kwangu siku hizi haanzi na kitambaa, anaanza na simba. "Haya tuambie, simba mlimwona?" Jamani, tulimwona. Tulimwona jike na watoto wake wawili, karibu kabisa na gari, mpaka dereva wetu akaacha kutafuna karanga. Lakini Shangazi Tulalumba hatukumwona, na safari ilikuwa ya kwake. Nimechoka kuisimulia vipandevipande huku nikiwapima watu viuno, kwa hiyo naiandika yote mara moja. Someni, kisha mniache nishone.

Baba mnamjua. Ni yule mzee aliyekaa kwangu hapa Dodoma akitibiwa goti, aliyevaa koti zito jua likiwaka mkawa mnamcheka chinichini. Ni mpasua mbao wa Uwemba, kule Njombe, na kwao koti halivuliwi hovyo. Goti lilipopona nikasema sitamrudisha kwa basi. Nilikuwa nimeona kwenye simu jinsi watu wanavyounganisha mambo: unapita hifadhini ukaone wanyama, unaendelea na barabara hiyohiyo hadi ziwani ukapumzike, gari moja, safari moja. Nikapanga hivi: Dodoma, Iringa, Hifadhi ya Ruaha, kisha Makambako na Njombe tupite nyumbani, kisha tuteremke Matema, wilaya ya Kyela, kwenye Ziwa Nyasa. Matema ndiko alikoolewa Shangazi Tulalumba, dada pekee wa Baba.

Hawa wawili walikuwa hawajaonana tangu bibi, mama yao, alipofariki. Shangazi alitoka Matema kuja kuzika, ikawa masika, basi likakwama matopeni. Wazee wakamwambia Baba maiti haiwezi kukaa zaidi. Baba ndiye mkubwa, akasema sawa, zikeni. Shangazi alifika jioni, matope hadi magotini, akakuta kaburi limeshawekwa maua. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mlishindwa kumngoja mtu mmoja?" Akageuka na kuondoka, hata uji wa msibani hakuonja. Hakukanyaga tena Uwemba.

Miezi ile Baba alipokuwa kwangu ndipo walipoanza kupigiana simu. Alikuwa anakaa barazani na kuongea Kibena kwa sauti ya chini, nami nikipita ananyamaza. Nikajua mambo yanaiva. Nikajiambia nitampeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa dada yake, nami niwe niliyewapatanisha. Sifa nilishaanza kujipa kabla hatujawasha gari.

Dodoma hadi Iringa

Tuliondoka Jumatatu. Gari tulikodi kwa Yohana, ambaye mnamjua kwa maneno yake mengi. Kabla ya Mtera alikuwa ameshamuuliza Baba kwa nini watu wa Njombe wanaogopa jua, na Baba ameshamjibu kwamba watu wa Dodoma wanaogopa maji, ndiyo maana hawana. Basi ikawa raha. Mtera tukasimama kula perege wa kukaanga, wa moto, na ndimu na pilipili. Baba alikula samaki mzima, akalamba vidole, akasema, "Wazuri. Lakini mbasa wa ziwani kwa Tulalumba hawa hawamfikii."

Ni hapo, akinawa mikono, aliponiambia, "Alhamisi tukifika Makambako tutasimama kidogo."

"Sawa, Baba," nikasema. Nilifikiri chai. Makambako nani hasimami? Barabara ya Mbeya na ya Njombe zinagawanyika pale, malori yanalala pale, kila msafiri anashuka kunyoosha miguu. Hakuongeza neno, nami sikuuliza. Baba yangu yuko hivyo: jambo kubwa analisema kwa sauti ndogo, na dogo, kama mtu kuacha mlango wazi, ndilo analolipigia kelele.

Iringa tulilala. Baba alipohisi ubaridi wa pale alifurahi, akafunga vifungo vyote vya koti. Akasema sasa anapumua.

Ruaha

Barabara ya kuingia hifadhini ni vumbi na makorongo. Tulifika tumebadilika rangi, Yohana nywele nyekundu, mimi kope nyekundu. Tukachukua banda, tukapika wali wetu wenyewe, na kesho yake tukampata kijana wa kutuongoza, mpole, anayewajua wanyama vizuri.

Shida ikawa Baba. Tembo wanapita, yeye anaangalia juu. Twiga wanakula majani, yeye anauliza mti gani. "Ule ni mninga ule! Angalia ulivyonyooka. Hapo unapata mbao za kitanda na kabati juu yake." Yule kijana akaniuliza kwa kunong'ona kama mzee ana tatizo la macho. Nikacheka hadi mbavu zikauma. Nikamwambia huyu maisha yake yote ni msumeno, mnyama kwake ni kitu kilichosimama mbele ya mti.

Tembo mmoja alitukaribia sana. Baba akavua kofia na kumsalimu kwa heshima zote, "Kamwene." Yohana akaomba dua kwa sauti. Tembo akatuangalia, akaendelea na safari yake. "Ana adabu," Baba akasema.

Mbung'o walitutesa, tulijipiga makofi siku nzima. Simba hakuonekana. Jumatano jioni tukarudi bandani, Yohana akalalamika kwamba ameendesha umbali wote huo kuja kuona punda. Yule kijana akatuambia kuna jike lina watoto, wenzake wameliona ng'ambo ya mto, na tukikaa siku moja zaidi atatupeleka.

Nikamgeukia Baba. "Baba, tubaki?"

Akasugua goti kidogo. "Wewe ndiye mwenye safari, mwanangu."

"Lakini wewe unataka kumwona simba?"

"Ukisema tubaki, tunabaki."

Hapa ndipo ninaporudi kimawazo kila nikipiga pasi. Kwetu mtu aliyealikwa hampangii aliyemwalika. Ukimpikia mgeni chakula kikawa hakina chumvi, atakula na kukusifu. Mimi nimekulia mlemle, nilipaswa kujua. Mimi ndiye niliyekodi gari, mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji wake njia nzima, hivyo hata kama moyo wake ulikuwa unachemka asingeniambia twende. Nami nikamtazama mzee wa watu anavyosita, nikasema moyoni masikini, anamtaka simba lakini anaona haya kuniongezea gharama. Nikabaki kwa ajili yake. Naye akabaki kwa ajili yangu.

"Basi tunabaki!" nikasema, nikapiga makofi kabisa.

Jua likizama nikamwona amepanda kwenye jiwe nyuma ya banda, kainua simu juu, anazungukazunguka. Mtandao pale hakuna. Nikamwita kwa sauti wote wasikie, "Baba, unampigia simba umwambie tupo?" Yohana akacheka, yule kijana akacheka, na Baba mwenyewe akacheka, akashuka. Simu akaitia mfukoni mwa koti.

Siku ya nyongeza

Alhamisi tulizunguka mchana kutwa, patupu. Viboko, swala, kudu mwenye pembe nzuri, lakini simba hakuna. Baba siku hiyo hata miti hakuitaja. Nilimuuliza kama goti linauma. "Kidogo," akasema.

Ijumaa asubuhi, tukiwa njiani kutoka, yule kijana akamgusa Yohana bega. Pale, chini ya kichaka, jike limelala ubavu, watoto wanamvuta mkia. Jamani, msiniulize nilihisije. Nililia. Nilipiga picha hadi simu ikajaa. Nikamshika Baba mkono, "Umeona? Umeona, Baba?"

"Nimeona, mama. Asante sana," akasema. Kisha, kwa upole, "Sasa twende?"

Twende wapi! Tulipotoka getini na kwenda kidogo tu, tairi likapasuka. Spea ya Yohana nayo ilikuwa na upepo nusu, na jeki ilizama mchangani. Tulikaa pale tukisubiri mtu mwenye ubao wa kuweka chini ya jeki. Fikirini wenyewe: mpasua mbao mzima, katikati ya miti yote ile, hana kipande cha ubao. Nikamtania hivyo. Alikuwa anatembea barabarani kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na lile goti lake. Mwishowe lori la mahindi likatusaidia.

Simu zinaamka

Tulipokaribia Iringa simu zikaamka. Yangu ililia mara moja, tangazo la bando. Ya Baba ikalia, ikalia, ikalia. Nikaona anapapasa mifuko yote ya koti akitafuta miwani. Akapiga. Ikaita hadi ikakata. Akapiga tena.

"Yohana," akasema, "unaweza kukimbiza kidogo?"

Nikamuuliza kuna nini. Ndipo akaniambia, akiangalia mbele, kwamba Tulalumba alikuwa anamngoja Makambako tangu jana.

"Makambako? Si tunamfuata Matema?"

"Matema tungekwenda baadaye. Baada ya kuonana."

Akanieleza, nami nilikuwa nakumbuka nusunusu kutoka kwa bibi. Katika ukoo wetu, ndugu wawili wakikosana namna ile, hakuna anayeingia nyumbani kwa mwenzake hivihivi. Mnakutana njiani kwanza, mahali ambapo hakuna aliye mwenyeji, mnakula chungu kimoja, ndipo mmoja anamfuata mwingine kwake. Makambako ilikuwa katikati. Yeye angekuja na basi la kutoka Kyela, Baba na gari langu. Shangazi ndiye aliyepachagua. Alimwambia, "Safari hii mimi ndiye nitakayekungoja wewe, uone namna watu wanavyongoja."

"Baba! Kwa nini hukusema?"

"Nilisema tutasimama."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nilitaka kujikasirikia, nikalia tu. Yohana, ambaye hanyamazi hata akiwa kanisani, alinyamaza kutoka Iringa, tukapita Mafinga, hadi tukaona taa za malori ya Makambako.

Benchi la Mama Furaha

Shangazi alikuwa amemtajia Baba kwa Mama Furaha, mama lishe mwenye kibanda karibu na njia panda na vyumba vichache vya gesti nyuma. Tulimkuta anasugua masufuria. Baba akasalimu, "Kamwene," naye akaitikia, akafuta mikono, akamtazama Baba juu hadi chini, kwenye koti.

"Wewe ndiye kaka," akasema.

"Ni mimi."

"Ameondoka mchana. Na basi la Kyela."

Baba akakaa kwenye benchi la mbao lililokuwa nje. Mama Furaha akasema ni hapohapo alipokaa dada yake, jana kutwa na leo hadi mchana, uso kwenye barabara ya Iringa. Kila gari dogo likipunguza mwendo alikuwa anasimama na kupanga kitenge. Alikuja na chungu kipya cha udongo, na mbasa aliowakausha kwa moshi, na mchele wa Kyela. Alhamisi aliwapika mwenyewe wale samaki kwa nazi, jikoni kwa Mama Furaha, hakutaka asaidiwe. Jioni akawafunika. Ijumaa asubuhi akawapasha. Alipiga simu kila mara, akaambiwa namba haipatikani.

"Nilimwambia dada, pengine ni mtandao," Mama Furaha akasema. "Akaniambia, hata siku ile ya mama mtandao ulikuwa hivihivi."

"Na samaki?" Baba akauliza.

Mama Furaha akaangalia chini. "Aliwaita madereva wa malori, akawapakulia. Alisema chakula kilichopikiwa mtu kisimwagwe. Kile kichwa cha samaki cha kukupa wewe, baba, alikiweka pembeni mpaka mwisho. Alipoona basi linakuja akampa utingo mmoja. Mchele aliuacha. Chungu aliondoka nacho."

Nikamwambia Baba tulale, alfajiri tumfuate Matema. Gari lipo, nimeshaweka na chumba kule. Akatikisa kichwa. "Mtu umemkosea mara mbili, halafu unatokea mlangoni kwake na gari na miwani ya jua kama mtalii? Hapana. Nitamngoja hapa."

"Na asipokuja?"

"Nitakuwa nimemngoja."

Nikamtumia Shangazi ujumbe: Shikamoo shangazi, kosa ni langu mimi, baba alitaka kuja Alhamisi, mimi ndiye niliyemchelewesha hifadhini kumwonyesha simba, nisamehe, yuko Makambako anakungoja. Nikausoma tena nilipokwisha kuutuma. Kumwonyesha simba! Nikajiona mjinga, mtu mzima, ninamweleza mwanamke aliyepasha samaki mara mbili habari za simba.

Jumamosi Baba alikaa kwenye lile benchi. Upepo wa Makambako mnaujua ninyi mliopita pale, unaingia hadi kwenye mifupa. Aligeuza uso kuelekea barabara ya Mbeya, na kila basi likisimama alikuwa anasimama na kufunga kifungo cha juu. Yohana akaenda akakaa naye. Nikawasikia wakibishana habari za jua na maji, lakini Baba alikuwa anabishana kwa heshima tu. Mama Furaha alimletea chai na maandazi, akakataa pesa yetu. Jumapili tulisikia kwaya zikiimba kote mjini, na Baba, ambaye hakosi Misa hata akiwa na homa, hakuondoka. Alisema Mungu anajua alipo.

Jumatatu asubuhi simu ikalia, lakini ya Mama Furaha. Akasikiliza, akasema, "Yupo, dada, yupo hapahapa, tangu mlipopishana," akampa Baba. Baba akasimama kuongea. Waliongea Kibena, maneno machache, zaidi alikuwa akiitikia tu. Mwisho akasema asante, akarudisha simu kwa mikono miwili.

"Washa gari," akamwambia Yohana. "Twende nyumbani."

Njombe

Kutoka Makambako hadi Njombe ni barabara nzuri, vilima na misindano, na miche ya parachichi kila upande siku hizi. Siku nyingine Baba angenihesabia kila shamba la miti na mwenye nalo. Tulinunua mkate na sukari Njombe mjini, tukaendelea Uwemba. Majirani walikuwa wamefagia uwanja. Nyumba ilikuwa baridi, nikawasha moto jikoni, Yohana akajifunika blanketi zangu zote mbili akisema sasa anaelewa lile koti.

Nikachukua mchele wa Shangazi, ule aliotukabidhi Mama Furaha, nipike. Harufu yake ile, nilipoufungua tu, ikajaa jikoni. Baba akaja mlangoni.

"Usipike huo," akasema. "Uweke."

Nikaufunga. Nikaona nimwulize sasa, maana njia nzima nilikuwa naogopa. "Baba, Shangazi alisemaje?"

Akavuta kigoda, akakaa karibu na moto, akanyoosha lile goti.

"Amesema nirudi nyumbani, baridi itaniua. Amesema yeye aliningoja na mimi nimemngoja, basi tuko sawa. Hanidai, simdai."

Nikainuka. "Ee Mungu asante! Si amekusamehe, Baba! Si ndicho tulichokuwa tunatafuta?"

Akanitazama namna alivyokuwa ananitazama nikiwa mdogo, nikimletea shoka kwa kushika upande wa makali.

"Aliyekusamehe anakuja mle chungu kimoja," akasema. "Mimi sikutaka tuwe sawa, mwanangu. Nilitaka kumwona."